Baba Alivyoisikiliza Injini kwa Kiganja

Kama ulikulia Makambako miaka ile ambayo treni ndiyo ilikuwa saa ya mji mzima, basi mimi na wewe hatuna haja ya kuelezana mengi. Unaijua baridi ya mwezi wa sita, ile iliyokuwa ikikuamsha kabla jogoo hajawika. Unajua kwenda shule na jembe begani, kidumu cha maji mkononi na ufagio kwapani, kana kwamba tunahamia huko moja kwa moja. Viatu hatukuwa navyo, lakini mchakamchaka tulikuwa nao, na miguu ikishapata moto ulisahau kabisa kwamba majani uliyoyakanyaga njiani yalikuwa meupe kwa barafu. Ukirudi mchana unakuta kiporo cha makande kinakungoja, kimeganda juu kama matope ya kiangazi, na unakila hivyohivyo huku umesimama, kwa sababu wenzako wameshaanza rede na wewe hutaki kukosa zamu.

Sisi watoto wa fundi gari tulikuwa na utajiri wetu wa ziada. Wenzetu walitengeneza wanasesere kwa magunzi ya mahindi. Mimi na dada yangu Tumaini tulitumia plagi zilizokufa. Plagi ina kichwa, ina shingo, ina kiuno, na ukiifunga kitambaa inapendeza kuliko mtu. Nilikuwa nazo nane, zote na majina, na zote zilinuka petroli. Wajukuu wangu nikiwaambia habari hizo wananitazama kwa huruma, kama vile wanataka kunichangia.

Gereji ya baba ilikuwa kando ya barabara iendayo Njombe, uwanja mtupu uliozungushiwa mabanzi, na kibanda kimoja cha bati chenye mlango mpana wa mbao. Watu walimwita Fundi Mgaya. Kilichompa sifa mjini kilikuwa masikio yake zaidi ya spana zake. Tukiwa mezani tunakula, gari likipita barabarani, baba aliinua kidole tunyamaze, akasikiliza mpaka mlio upotee, kisha akasema, "Huyo vali zake zimechoka. Kabla ya Jumapili atakuwa hapa." Na kabla ya Jumapili kweli alikuwa hapo. Alipenda kutuambia, "Dereva anaweza kukudanganya, gari haliwezi. Mwache dereva aseme, halafu ulisikilize gari."

Nilikuwa darasa la nne alipougua homa ya uti wa mgongo. Mama alimpeleka hospitali, wakakaa huko wiki nyingi, sisi tukalishwa na majirani. Siku waliyorudi tulikimbia mpaka barabarani. Baba alishuka garini amekonda, koti limekuwa kubwa kama la kuazima. Tukampokea kwa "Shikamoo baba!" wote kwa pamoja. Alitutazama mmoja mmoja, akatabasamu, asijibu. Tukarudia kwa sauti zaidi. Mama ndiye aliyetujibu: alishika sikio lake kwa vidole viwili, akatikisa kichwa polepole.

Kiziwi. Baba yetu, wa masikio yale.

Mama hakuwa mtu wa kulia mbele za watoto. Kesho yake aliupaka mlango wa gereji masizi yaliyochanganywa na maji ya majani ya viazi vitamu, kama ubao wa shule, akaning'iniza mfuko wa chaki kwenye msumari. Kuanzia siku ile, ukitaka kumwambia baba jambo refu, unaliandika mlangoni. Maneno mafupi alijifunza kuyasoma midomoni, mradi usimame mbele yake, umtazame, usitafune kitu. Yeye mwenyewe aliongea kama kawaida, isipokuwa hakujua tena sauti yake ina ukubwa gani. Akikunong'oneza siri, muuza nyanya wa ng'ambo ya barabara alikuwa ameshaisikia. Kanisani ndiko tulikoona aibu zaidi. Kwaya ikimaliza ubeti, baba na kitabu chake cha nyimbo bado yuko katikati ya mstari wa tatu, peke yake, kwa nguvu zote. Mchungaji wetu alikuwa mtu mwema. Alisubiri mpaka baba amalize, ndipo akaendelea na ibada.

Lakini magari hayakuja. Sitaki kuwasema watu vibaya, walisema kwa huruma, "Mwacheni apumzike." Na huruma hiyo ndiyo iliyokuwa ikituua. Kila asubuhi baba alivaa ovaroli, akafungua gereji, akazipanga spana zake juu ya gunia kuanzia ndogo hadi kubwa. Jioni akazirudisha sandukuni kuanzia kubwa hadi ndogo. Katikati ya hapo hakuna kilichotokea. Mama alianza kulima mboga nyuma ya kibanda. Siku moja nilimkuta baba amekaa juu ya tairi, ameshika mkononi mmoja wa wanasesere wangu, anaikwangua ile plagi kutu kwa kisu, taratibu, kama vile inakwenda kufanya kazi mahali.

Baba Mkubwa, kaka yake aliyeishi Kitandililo, alikuja mara mbili kuzungumza na mama. Mara ya tatu alikuja na mkokoteni wa ng'ombe. Ilikuwa Alhamisi asubuhi, shule imefungwa. Alikuwa amemlimia mdogo wake shamba, ameshapanda na maharage, na alikuwa amempata mtu wa kuzichukua zana za gereji. Hakuwa na ubaya wowote moyoni. Alimwinamia baba sikioni, akapiga kelele mpaka ng'ombe wakashtuka:

"Mdogo wangu! Ufundi wa gari ni masikio! Njoo tulime!"

Baba alimwangalia midomo. Nadhani alielewa, kwa sababu hakuomba aandikiwe. Aliingia kibandani, akatoka na sanduku la spana, akaliweka chini karibu na mkokoteni. Halafu akarudi kuchukua jeki. Mama alikuwa amesimama mlangoni, ameufumbata mfuko wa chaki mikononi.

Hapo ndipo tulipolisikia pikapu. Tulilisikia sisi, baba alikuwa ndani. Lilikuja likitoa mlio wa mtu anayekohoa kwenye ngazi, likageuka kutoka barabarani, likaingia uwanjani, likatetemeka mara tatu kwa nguvu hadi milango ikagongana, likazima.

Aliyeshuka alikuwa mwanamke. Ninyi wa rika langu mnajua jambo hilo lilikuwaje siku zile. Mama Nyagawa wa Njombe, mfanyabiashara wa viazi, aliendesha pikapu lake mwenyewe, amevaa koti la mume wake na kilemba cha kitenge, na watoto wa njia nzima walikuwa wanamkimbilia kumtazama.

"Kamwene," alisalimia.

"Kamwene," tukaitikia wote.

"Fundi yuko wapi?"

Baba Mkubwa akamweleza kwa upole kwamba fundi hasikii tena, na kwamba hivi anavyotuona ndivyo tunavyohama. Amtafute fundi mwingine.

"Mafundi wenye masikio nimewapitia watatu, Njombe na hapa," alisema Mama Nyagawa. "Wamebadilisha plagi, wamebadilisha koili, kabureta imeoshwa mpaka imetakata kuliko sahani zangu. Wa mwisho ananiambia injini imekufa, ifunguliwe yote. Nikikanyaga mafuta inakwenda vizuri, nikiachia inatetemeka na kuzima. Wiki iliyopita imenizimikia mteremkoni na viazi nyuma, breki zikawa ngumu kama jiwe. Nimeponea kwenye tuta la mtu. Hao watatu wote walikuwa na masikio. Labda tatizo ni masikio."

Baba alikuwa ametoka na jeki mkononi. Mimi nikakimbilia mlango kuandika, lakini Mama Nyagawa hakuwa na muda wa kungoja. Alimwendea baba, akasimama mbele yake, akajifanya gari. Nasema kweli. Alikunja ngumi kama ameshika usukani, akakanyaga chini mguu wa kulia, akasimama wima ametulia, uso wa raha. Kisha akauinua mguu, na papo hapo mabega yakaanza kuruka, mashavu yakatikisika, kilemba kikahama upande, akajirusha mbele mara tatu na kufumba macho: amezima.

Baba alicheka. Alicheka kwa sauti ile asiyoijua ukubwa wake, mpaka ng'ombe wakasogea nyuma. Mama alifunika mdomo kwa mkono, na niliona machozi yake, maana tangu hospitali hatukuwa tumekisikia kicheko hicho.

"Sailensa!" alisema baba. Hivyo ndivyo mafundi wanavyoiita hali ya injini kunguruma yenyewe taratibu, mguu ukiwa umeondoka kwenye mafuta. "Inamisi, inarukaruka ikiwa sailensa!" Akaiweka jeki chini. Akamgeukia kaka yake. "Kaka, wafungue ng'ombe wale majani. Nipe leo."

Boneti ilifunguliwa. Baba alimwashiria Mama Nyagawa apige starta, na injini ilipoanza kutetemeka akaweka kiganja cha kushoto juu ya ubavu wa gari, vidole vimetandazwa, kama mtu anayempima mtoto homa. Alikaa hivyo muda mrefu. Kisha, kwa koleo lililozungushiwa mpira, akavuta waya wa plagi ya kwanza. Injini ikazama, ikataka kufa. Akaurudisha. Akavuta wa pili: ikazama. Wa tatu: ikazama. Akavuta wa nne, ule wa nyuma kabisa uliojificha karibu na kioo cha mbele. Hakuna kilichobadilika. Ilitetemeka vilevile.

"Wa nne amelala kazini," baba alitutangazia sisi na barabara nzima.

Alibadilisha nafasi za plagi ya kwanza na ya nne. Bado wa nne ndiye aliyelala. Akazitoa plagi zote, akaziba tundu moja moja kwa kidole gumba huku Mama Nyagawa anapiga starta, na kila tundu likakisukuma kidole chake kwa nguvu ileile. Kwa hiyo ndani ya injini hakukuwa na ubovu, na yule aliyetaka kuifungua yote alikuwa anakwenda kuvunja nyumba kutafuta sindano. Baba alienda mlangoni, akachukua chaki, akaandika mwenyewe kwa herufi kubwa: MOTO UPO. NGUVU IPO. MAFUTA YAPO. Akasimama akilitazama hilo. Chini yake akaandika: NINI?

Mchana ukapita na lile NINI likiwa palepale. Alipuliza mirija, akafungua kabureta, akaifunga. Mafundi wawili vijana wa gereji ya jirani walisogea, wakaegemea mabanzi kutazama. Mmoja akasema, wala hakushusha sauti, "Sasa huyu mzee anamsikiliza nani?" Mwenzake akacheka.

Baba aliona midomo ikicheza lakini hakuiwahi. Akanigeukia. "Upendo, wanasemaje?"

Nilikuwa na chaki mkononi. Nilitaka ardhi ipasuke. Nikaandika: WANAKUSALIMU, SHIKAMOO.

Baba aliwageukia, akainua mkono, akawaitikia kwa sauti iliyofika stesheni: "Marahaba! Marahaba wanangu! Hamjambo?"

Wale vijana walitazamana. Yule aliyesema akashusha macho, akavua kofia. "Hatujambo, mzee," alisema, ingawa aliyekuwa akiambiwa hakuweza kusikia. Wakaondoka kwa adabu.

Jua lilipoanza kushuka nyuma ya miti ya miwati, Mama Nyagawa alikwenda kulala kwa ndugu yake, na baba akalifunika pikapu kwa turubai. Baba Mkubwa aliwafunga ng'ombe kwenye mabanzi. Alilala kwetu. Sanduku la spana lilikuwa limeshasogezwa mbali na mkokoteni.

Ijumaa asubuhi tulimkuta baba ameshafika gereji, na akili yake ilikuwa imefika mahali. Alituita wote, akatueleza kama darasani. "Gari linapumua kama sisi. Likikimbia linavuta pumzi kubwa, tundu dogo halisumbui. Likitulia linavuta pumzi ndogo, na hapo tundu dogo linakuwa kubwa. Kuna mahali linavuta hewa ya wizi, na mahali hapo ni karibu na huyu wa nne." Akanituma nikatafute unyoya wa kuku. Nilirudi na mitano, na kuku mmoja wa jirani alinikasirikia wiki nzima.

Alichovya unyoya kwenye kikombe cha maji. Injini ikawashwa, ikatetemeka. Kiganja cha kushoto juu ya ubavu wa gari, mkono wa kulia na unyoya, akaanza kupaka maji tone kwa tone kwenye kila kiungo: mirija, kabureta, kisha lile bomba zito la chuma linalogawa hewa na mafuta kwenye silinda zote, ambalo mafundi huliita manifodi. Kiungo cha kwanza, bado inatetemeka. Cha pili, vilevile. Uso wake haukucheza. Alijinyoosha mpaka nyuma kabisa, shavu limegusa chuma cha moto, unyoya ukapotea gizani kule ambako jicho halifiki. Injini ikatulia. Kwa pumzi moja tu ilitulia kama maji ya kisimani, kisha ikaanza tena kutetemeka.

"Hapo!" alipiga kelele baba. Hakuwa ameuona ule upenyo wala kuusikia ukivuta hewa. Alikuwa ameuhisi utulivu ule ukipita chini ya kiganja chake. Akapaka tena, ikatulia tena. "Hapo! Hapo! Hapo!"

Alipolitoa bomba lile, gasketi, ule ubamba mwembamba unaoziba kati ya chuma na chuma, ulikuwa umekatika upande wa silinda ya nne. Na uso wa bomba wenyewe ulikuwa umepinda, kwa sababu kuna mtu huko nyuma alikaza nati za upande mmoja kwa nguvu zake zote kabla ya kugusa za upande wa pili. Gasketi mpya angeweza kuikata, karatasi yake alikuwa nayo. Lakini juu ya chuma kilichopinda isingekaa hata mwezi. Kupeleka kiwandani kulikuwa ni kwenda mbali. Baba alisema, "Tutaunyoosha hapahapa," akamwomba mama kioo kilichonyooka.

Mama alikwenda nyumbani. Alirudi na kioo cha fremu ya picha yao ya harusi.

Wakakilaza juu ya ubao, wakatandaza msasa juu yake, na kazi ikaanza: kulisugua bomba juu ya msasa, mbele na nyuma, likiwa limelala sawasawa. Baba alipaka chaki kwenye uso wa chuma. Palipofutika ndipo pamefikiwa; chaki iliyobaki ndiyo bonde. Mwanzo chaki yote ya upande wa nne ilibaki. Akasugua mpaka jasho likadondoka kwenye kioo, akapaka chaki, bonde liko palepale. Akasugua tena. Tukashika zamu: Tumaini, mimi, mama. Mikono iliwaka moto. Mama Nyagawa alikunja mikono ya lile koti la mumewe, akasugua akiimba wimbo wa kulima wa Kibena. Baba Mkubwa alikaa pembeni na fimbo yake ya ng'ombe, akitukazia macho. Ilipofika adhuhuri alisimama, akavua koti, akamsukuma dada yangu kando.

"Mnasugua kama mnapapasa paka," alisema. Akasugua saa nzima bila kupumzika. Alikuwa na mikono ya shamba yule mzee, na bonde lilipungua tukiliona.

Alasiri, chaki ikafutika yote. Baba aliikata gasketi kwa kugongagonga nyundo ndogo kwenye kingo, akafunga bomba, akaanza kukaza nati kuanzia za katikati kwenda nje, kila moja kidogo, kisha akarudia mzunguko, kisha akarudia tena. Mama Nyagawa akaingia garini. Starta.

Likawaka. Likatetemeka.

Si kama mwanzo, lakini lilitetemeka. Niliziona nyuso za watu wote zikisawijika, na baba naye aliziona. Baba Mkubwa alifuta mikono kwenye suruali, akaenda taratibu kuwafunga ng'ombe nira. Nilimsikia akimwambia mama, "Amejitahidi, shemeji. Mungu amemwona." Akaliinua sanduku la spana.

Baba hakumtazama. Alikuwa ameinama na kiganja chake palepale, uso umekunjamana. Kisha akasema, na mara hii sauti yake ilikuwa ndogo, sijui aliwezaje, "Huu si ule mtetemo wa jana. Ule ulikuwa wa kuchechemea. Huu ni wa kushiba." Akaipiga kabureta kwa kucha. "Wale watatu walizungusha skrubu hii ya kuongeza mafuta ili kuficha ugonjwa. Ugonjwa umetoka, dawa bado imo."

Sasa, mnaojua kabureta za zamani mnajua kwamba skrubu ile hurekebishwa kwa sikio. Unazungusha, unasikiliza, unarudisha, unasikiliza. Hakuna fundi aliyefanya vinginevyo. Baba mwenyewe alitufundisha hivyo. Mama alijua, Baba Mkubwa alijua, ndiyo maana alikuwa amesimama na sanduku mikononi bila kuliweka popote.

Baba alifumba macho. Alilaza paji la uso juu ya ubavu wa gari, kiganja cha kushoto kando yake, na mkono wa kulia ukaipata skrubu kwa bisibisi. Akaizungusha robo ya mzunguko. Injini ikanguruma vibaya zaidi. Akairudisha. Akazungusha upande wa pili, kidogo, kidogo tena, kama mtu anayemlaza mtoto mchanga bila kumwamsha. Sisi tuliokuwa na masikio tulisikia mlio ukisogea, ukijikusanya, ukinyooka. Akapitiliza, ukakwaruza. Akarudi kwa upana wa unywele.

Pikapu likatulia. Lilinguruma taratibu, laini, mfululizo, milango kimya, na moshi wa nyuma ukatoka kama uzi.

Baba hakuinua kichwa. Alibaki amelala pale na macho yamefumbwa, na sisi hatukumgusa. Mama ndiye aliyekwenda, akasimama mbele yake mpaka alipofumbua macho. Akamwambia kwa midomo tu, bila sauti, "Imetulia." Baba akamjibu, "Najua."

Mama Nyagawa aliliacha lingurume wakati wote tulipokuwa tukinywa chai, akikataa kulizima, akiliangalia kama mgonjwa aliyeomba chakula. Alipoondoka kwenda Njombe tulisimama barabarani tukalisikiliza mpaka lilipopotea. Baba Mkubwa alikuwa ameshalirudisha sanduku kibandani, mahali pake. Aliwapandisha ng'ombe barabarani, kisha akarudi, akasimama mbele ya baba, akaongea taratibu ili midomo isomeke: "Maharage nitayapalilia mimi. Ila kuvuna uje." Wakashikana mikono kwa muda mrefu.

Wiki iliyofuata Mama Nyagawa alituletea gunia la viazi, na nyuma yake yakafuata magari mawili ya Njombe, kisha la Wanging'ombe, kisha yakawa mengi. Wateja walijifunza kuandika mlangoni. Wengine waliandika LINAKOOA, wengine LINA MISHI, na baba alielewa yote. Chaki za gereji yetu ziliisha haraka kuliko za shule.

Mwaka jana gari langu dogo lilianza kutetemeka hivyohivyo nikiwa Njombe mjini. Kijana mmoja, fundi kwa jina na viatu vyeupe miguuni, alichomeka kikompyuta chake, akasubiri, akaniambia, "Mama, mashine inasema iko freshi." Gari lilikuwa linaruka wakati ananiambia hivyo. Nikamwomba aweke mkono juu ya injini. Alitafuta tishu kwanza. Sisemi vifaa vyao ni vibaya. Vinajua mengi ambayo baba hakuyajua. Tulipoupata mpira uliopasuka, nami niliupata kwa tone la maji, aliniuliza kwa heshima kabisa nimejifunza kwenye chaneli gani.

Baba bado yupo, Makambako palepale, mzee sana sasa. Pale palipokuwa na gereji pana duka la simu lenye spika mbili mlangoni zinazopiga kelele kutwa nzima. Yeye peke yake katika mtaa ule halalamiki.

Ninachokikosa katika utoto wetu si makande wala rede. Ni kwamba katika nyumba yetu hukuweza kuongea na baba huku unatazama pengine. Ukiwa na shida, ukiwa umefaulu, ukiwa umeiba sukari, ilibidi usimame mbele yake, umtazame usoni, useme. Siku hizi nyumbani kwangu watoto wanajibiana kutoka vyumba tofauti, na binti yangu wa chuo ananitumia ujumbe kuniuliza kama chai iko tayari, nami niko jikoni na yeye yuko sebuleni.

Krismasi nilikwenda naye kumwona babu yake. Alisimama mbele ya mzee, akasalimia, macho yake yako kwenye simu. Baba alinyamaza. Binti akarudia shikamoo, bado ameinamia kioo chake. Baba akaendelea kungoja, mikono juu ya magoti, mpole, bila kuudhika, mpaka mtoto alipoona ukimya umekuwa mrefu, akainua uso.

"Marahaba, mjukuu wangu," alisema baba, kwa sauti iliyofika stesheni. "Haya, niambie."